Barua Iliyopigwa Pasi

Mtaani kwao walimwita Mama Kwanini, na jina hilo alilipata kwa haki. Muuza maji akipandisha bei, yeye huuliza kwa nini. Shule ikifungwa mapema, huuliza kwa nini. Hata daktari akimwandikia dawa, haondoki kabla hajaelezwa itafanya nini mwilini. Watu wengine humkwepa. Mimi nampenda, maana bila yeye hadithi hii isingekuwapo.

Mumewe alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufua nguo. Kila siku mashuka ya hoteli na hospitali yalipita mikononi mwake, yakiwa bado na mvuke. Alikuwa amesimama kwenye meza ile kwa miaka kumi na minne. Miguu ilikuwa imevimba na mishipa imetokeza. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo. Kazi aliyoipenda ilikuwa ya Jumapili, kutengeneza vyerehani vya majirani barazani kwake. Cherehani kikiruka mshono, alikisikiliza kwanza, kisha ndipo akashika bisibisi.

"Si uache hiyo pasi ufanye hii?" majirani walimwambia.

Yeye alitikisa kichwa, akaendelea na cherehani. Binti yake wa miaka tisa alikuwa na pumu. Kila mwezi alihitaji dawa ya kuvuta. Mara nyingine kifua kilimbana mpaka akakimbizwa hospitali. Gharama zote zililipwa na kadi ya matibabu ya kiwandani. Baba akiacha kazi, kadi nayo imekwisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo aliendelea kupiga pasi.

Siku moja redio ilitangaza kwamba sheria mpya ya bima ya afya, iliyokuwa imeanza kwa biashara ndogo na zahanati miezi mitatu kabla, sasa inafika viwandani. Jioni mpiga pasi alirudi nyumbani na maneno mengi kuliko kawaida yake.

"Leo msimamizi ametukusanya," alimwambia mkewe. "Anasema sheria hii itatumaliza. Tajiri wa kiwanda atatakiwa kumchangia kila mfanyakazi zaidi ya zamani. Kwa hiyo atapunguza watu."

"Na redioni wamesema italeta ajira," mkewe alisema. "Sasa nani mkweli?"

"Mimi nitajuaje? Ila nimeshika jambo moja. Kadi mpya ni ya mtu, si ya kiwanda. Inakufuata unakokwenda."

Alitoa karatasi mfukoni mwa shati. Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Ilikunjwa mara nne, na mikunjo yake ilinyooka kama ya shuka la hoteli.

"Barua nayo umeipiga pasi?" mkewe aliuliza.

"Mkono umezoea, mke wangu. Kesho naipeleka."

Mama Kwanini alifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Alitamani mumewe apumzishe ile miguu. Lakini alikumbuka jinsi binti anavyohangaika kutafuta pumzi.

"Usiipeleke kabla sijauliza," alisema.

"Utamuuliza nani?"

"Yeyote mwenye mdomo."

Asubuhi alianza na jirani wa mlango wa pili. Huyo alikuwa mwandikishaji katika ofisi ya bima, mwanamke mpole asiyependa kutia chumvi. Alimkuta anaanika nguo.

"Dada, niambie ukweli. Sheria hii inaleta kazi au inaua kazi?"

Jirani alicheka. "Mbona wanipiga swali zito hata chai sijanywa? Nikikwambia, utaniamini?"

"Sitakuamini."

"Basi usinisikilize mimi. Nenda ukawaulize wenye kazi hapa mtaani. Ukirudi tutaongea."

Kumwambia Mama Kwanini akaulize watu ni kumpa zawadi. Hakungoja. Alianzia kwa seremala.

"Mimi sheria imenibana," seremala alisema bila kuacha randa yake. "Nina wasaidizi wawili. Nilitaka kumchukua mpwa wangu awe wa tatu, apake vanishi. Sasa nikimchukua, lazima nimchangie na yeye. Nimemwambia angoje."

Mpwa wake, mama wa mtoto mmoja, alikuwa amekaa pale mlangoni.  Mama Kwanini alimhurumia. Alianza kuona kwamba msimamizi hakuwa mwongo.

Kutoka hapo akaenda zahanati. Foleni ilikuwa imefika nje ya geti.

"Watu waliokuwa wanaugulia nyumbani sasa wanakuja," mganga alisema. "Tumeshaajiri mpimaji wa maabara na mfanya usafi. Bado tunatafuta muuguzi. Kama unamjua mmoja, mlete."

Mwisho alimuuliza mwenye duka la viatu. Huyo alisema kwake hakuna kilichobadilika, ila wateja wanaouliza maswali bila kununua wameongezeka. Mama Kwanini alielewa, akaaga.

Alirudi kwa jirani akiwa amechanganyikiwa.

"Dada, kila mmoja ana lake. Seremala amepunguza. Zahanati imeongeza. Wa viatu yuko vile vile."

"Ndivyo ilivyo," jirani alisema. "Anayekwambia sheria ni heri tupu anakuficha jambo. Anayesema ni balaa tupu naye anakuficha. Mwajiri mdogo anaumia zaidi mwanzoni. Kazi za tiba zinaongezeka. Jumla yake tutaijua baada ya muda, tukihesabu vizuri. Ila kuna watu ambao hujawauliza."

"Nani tena?"

"Mumeo. Kwa nini anapiga pasi?"

 Katika maswali yote ya Mama Kwanini, hilo hakuwahi kuliuliza, kwa sababu jibu alilijua.

"Kwa ajili ya kadi," alisema taratibu.

"Wako wengi kama yeye. Kazi hawaitaki, lakini kadi imewafunga. Mtu kama huyo akitoka, tajiri atasema sheria imempunguzia mfanyakazi. Lakini kufukuzwa na kuondoka kwa hiari ni mambo mawili. Aliyeondoka ameacha nafasi, na mwingine ataishika. Na mumeo akifungua karakana, nayo ni kazi."

"Basi apeleke barua leo?"

"Hapana," jirani alisema, na safari hii hakucheka. "Hapo ndipo watu wanapoumia. Kwanza jiandikisheni. Kisha mwende zahanati mkahakikishe kadi inasoma. Barua iwe ya mwisho."

Jumatatu walikwenda ofisi ya bima. Walichukua vitambulisho, picha na cheti cha kuzaliwa cha binti. Mpiga pasi alijaza fomu kwa haraka, maana alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili tu. Wiki mbili baadaye alipewa kadi yake. Aliibusu. Barua ilikuwa bado mfukoni, na alitaka kwenda nayo kiwandani moja kwa moja.

"Zahanati kwanza," mkewe alisema.

"Mke wangu, kadi si hii hapa?"

"Tutaisomesha kwanza."

Mhudumu wa zahanati aliingiza namba kwenye kompyuta. "Baba yupo," alisema. "Mama yupo. Mtoto hayupo."

Mpiga pasi aliinamia kompyuta. "Hayupo vipi? Kadi nimeitafuta kwa ajili yake."

Mhudumu aliwaomba nakala ya fomu, akaigeuza. Ukurasa wa nyuma ulikuwa wa watoto. Ulikuwa mweupe.

Walirudi ofisini siku hiyo hiyo. Jirani aliwapokea dirishani, akajaza nao ukurasa wa nyuma pole pole, akiambatisha cheti cha mtoto. Hakuwacheka.

"Kila siku napokea watu wawili watatu wa aina hii," alisema. "Wengine huwa wameshaacha kazi."

Wiki ile kifua cha binti kilimbana. Alitibiwa kwa kadi ya zamani ya kiwandani. Mpiga pasi alikaa kando ya kitanda cha hospitali, akashika mfuko wa shati lake wenye barua. Kama barua ingekuwa imefika, angeweza kurudishwa mlangoni na mtoto mikononi.

Baada ya siku kumi walikwenda tena zahanati. Mhudumu aliangalia kompyuta.

"Wapo watatu," alisema.

Ndipo barua ikapelekwa. Mikunjo yake ilikuwa imechakaa kwa kukaa mfukoni, kwa hiyo usiniulize alifanya nini kabla ya kuipeleka.

Sasa ana karakana ndogo barazani kwake. Mafundi cherehani wa mtaa mzima humletea mashine. Anafanya kazi akiwa amekaa, na uvimbe wa miguu umepungua. Mchango wa bima analipa mwenyewe, na kuna miezi unamkaba, hafichi. Nafasi yake kiwandani aliipata yule mpwa wa seremala. Naye amepata kadi, yeye na mtoto wake. Analalamika kwamba mvuke ni mkali na vanishi ingekuwa bora, lakini kazini haendi kwa kuchelewa.

Mwezi uliopita yule msimamizi alikuja na cherehani begani.

"Nilisema sheria itapunguza watu," alitania. "Umepungua wewe."

"Nimepungua kwako, kaka. Hapa nimeongezeka."

Mpiga pasi wa zamani, sasa fundi, alizungusha gurudumu, akasikiliza. Akashona kitambaa. Mshono ulitoka umenyooka.

"Hiki hakina ugonjwa," alisema.

Msimamizi aliangalia huku na huku. Barazani walikuwepo wao na Mama Kwanini tu. Akashusha sauti.

"Mimi ndiye mwenye ugonjwa. Nina sukari mwaka wa sita sasa. Nimechoka na kile kiwanda. Nina shamba dogo, ila nahofia kukosa dawa. Hivi mtu mwenye sukari, hiyo kadi yao wanampa?"

"Wanampa," fundi alisema. "Mwenye pumu wamempa."

Mama Kwanini alimvutia msimamizi kigoda, akakaa mbele yake.

"Kaa, kaka," alisema. "Kabla ya yote, barua hujaipeleka, sivyo?"