Kipande cha Shangazi Gudny

Kabla hakujapambazuka, Torunn alisikia kisu cha jibini kikikwaruza jikoni. Ni Shangazi Gudny, akifunga mkate wa mchana katika karatasi, wake na wa Torunn.

Waliteremka pamoja hadi kituo cha basi, theluji ikilia chini ya viatu. Kama kila asubuhi, shangazi alimpa vifurushi vyote viwili. "Nisaidie, mpenzi. Mimi nimeshiba."

Torunn alikula. Jioni Bibi alipouliza kama shangazi alikula mkate wake, alijibu, "Shangazi kala wote." Aliona anamtendea shangazi wema.

Wiki ile ile Shangazi Gudny alianguka kituoni, akalazwa hospitalini.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukitembea naye," Bibi alisema taratibu. "Alikuwa anakula?"

Torunn aliinama. "Nilikuwa nakula mimi, Bibi."

Bibi hakumkaripia. Alimfunga skafu vizuri shingoni. "Twende ukamwambie mwenyewe."

Walimkuta shangazi mezani na mshauri wake wa hospitali, Åshild. Mbele yake palikuwa na kipande kimoja cha mkate wenye jibini ya kahawia. Torunn alieleza yote, machozi yakimtoka.

"Kosa ni langu," shangazi alisema. "Nilikutwisha mzigo wa mtu mzima."

"Lakini ni mkate tu, shangazi. Kwa nini unakushinda?"

Åshild alimgeukia shangazi ajibu mwenyewe.

"Unaujua ule mnara mrefu, wanakoteleza thelujini kwa skii na kuruka? Kila kipande ni kama kusimama kule juu. Kuna sauti kichwani inanikataza, na inaongea kama mimi. Wengine wote waliniuliza nimekula nini. Åshild aliniuliza naogopa nini. Ndipo nikaanza kuitenganisha ile sauti na yangu."

"Na leo jibini imekatwa nene," Bibi alisema. "Yako ya nyumbani ilikuwa nyembamba hata nikaona mlima kupitia ndani yake."

Shangazi alicheka kidogo. Kisha akainua mkate. Torunn alikwisha kuona warukaji wengi wakipaa juu ya theluji, lakini hakuwahi kubana pumzi namna ile. Shangazi aliuma, akatafuna, akameza.

Hakuna aliyepiga makofi. Torunn alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "ukimfichia mtu ugonjwa, umeusaidia ugonjwa, hukumsaidia mtu. Mwenye vita vikubwa hivi anahitaji watu wakweli."

Walipovaa makoti, shangazi alimshika Torunn mkono.

"Jumatano utakuja tena? Njoo na mkate wako. Tutakula pamoja, kila mtu wake."