Kapasita za Redio ya Bwambale

Amplifaya ilikohoa mchana kweupe, na waya wake wa umeme ulikuwa umelala mezani, haujachomekwa popote.

Tibenderana, fundi redio wa Bwera, aliweka chini chuma cha kulehemu. Kilikuwa kikohozi kikavu cha mzee, cha kifua kilichokula vumbi, na nyuma yake ikaja harufu ya nta inayoungua. Akajiambia ni umeme uliobaki ndani ya kapasita. Kweli kapasita, vikebe hivi vidogo vya ndani, hushika umeme hata waya ukichomolewa, na zimewahi kumrusha fundi asiyejihadhari. Lakini hizi alikuwa amezimaliza umeme yeye mwenyewe.

Tumpe haki yake: kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Kapasita kuukuu akiishika alisoma maandishi yaliyofifia, akajua ukubwa wake, volti zake na upande wake hasi, ule wa kutoa. Iliyovimba au kuvuja hakuitumia. Nzima aliiamsha polepole, umeme ukipita kwanza kwenye balbu kubwa, kisha, ili kuimaliza umeme, akaigusisha balbu ndogo mpaka mwanga ufe. Alikuwa mwangalifu katika kila jambo isipokuwa mali ya watu.

Hizi mbili zilitoka kwenye redio ya mbao ya Ithungu, mjane wa Bwambale, aliyechimba shaba Bulembia enzi za mgodi. Bibi aliileta ikiwa imekatika uzi wa kutafutia stesheni, basi. Fundi akachomoa kapasita nzima, akapachika zilizovimba, akamwambia, "Imekufa, mama. Kila kitu iko na mwisho." Ithungu akashukuru, akaibeba redio yake mgongoni kama mtoto. Kapasita zikaingia kwenye amplifaya ya kanisa.

Sasa Tibenderana alizigusisha tena balbu ndogo. Ikawaka. Akangoja izime, maana huzima kufumba na kufumbua. Haikuzima. Akaiondoa, akafunga kibanda. Hata hivyo Jumapili aliipeleka amplifaya, kwa kuwa kwaya ilikuwa ikiingoja na yeye hakuwa na la kuwaeleza.

Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo umeme ulipokatika Bwera nzima, na waimbaji wakanyamaza, na katika ukimya ule spika zisizo na umeme zikakohoa, zikakohoa tena, kisha sauti ya mzee aliyechoka ikasema taratibu, kama mtu aliyekwisha jilaza kitandani, "Ithungu, zima redio, tulale."

Bibi alisimama. "Ni Bwambale," akanong'ona. "Bwana yangu. Anasemaka vile kila siku."

Watu wakalihama benchi lake. "Ametuletea jini!" mmoja akasema. "Mumutoe inje!"

Tibenderana alikuwa pale pale, mkono juu ya amplifaya. Alijua. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto, naye akainama, akajifanya anatafuta waya.

Jioni akaitwa Wahab, mganga wa majini, na walioimba asubuhi hawakumuuliza dini yake. Tibenderana akaambiwa alete amplifaya. Uani kwa Ithungu walimfunika bibi shuka juu ya moshi wa ubani, naye amekumbatia redio yake. Majirani walikuwa wamekwisha kata shauri: redio itupwe mtoni, nyumba ifungwe, yeye arudi kwao Mahango kwa ndugu zake.

"Sikuleta kitu, batoto bangu," alilia ndani ya shuka. "Mimi niko mujane tu."

"Nani amekutuma?" Wahab alimuuliza jini.

Amplifaya ikakohoa. Ithungu akaipapasa redio yake. "Pole, baba," akaiambia. "Fundi alijaribu sana."

Maneno hayo yalimkata Tibenderana maini.

"Ni mimi," akasema. "Redio yake ilikuwa muzima. Niliiba vitu ya ndani."

Akapasha chuma chake kwenye jiko la makaa, akachomoa kapasita mbili, akazigusisha balbu ndogo. Ikawaka, ikafifia, ikazima. Akazirudisha kwenye redio mbele ya macho ya watu wote, jasho likimdondoka. Kikohozi hakikusikika tena.

Ithungu alijifunua shuka, akamtazama. "Na mimi nilikushukuru," alisema.

Afadhali angemtukana.

Wahab alimsindikiza mpaka kibandani. "Na zile zingine?" akauliza kwa sauti ya chini.

Chini ya meza kulikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, limejaa kapasita za miaka yote. Tibenderana akalivuta, na ndani yake mwanamke alikuwa akipiga chafya, na mtoto akacheka, na mtu mwingine akaanza kumwita mtu wake, kwa subira.

"Urudishe," Wahab alinong'ona, akirudi nyuma kuelekea mlangoni.

Tibenderana akazimwaga mezani. Alijua kila moja ukubwa wake, volti zake na upande wake wa kutoa. Ya nani, hakuijua hata moja.