Kuku Aliyelalia Kiota Kitupu

Mshonaji alikuwa na jogoo mmoja na kuku kumi na mmoja. Watoto wake walikula mayai kila asubuhi. Lakini kuku walikuwa wanazeeka, na hakukuwa na kifaranga hata mmoja. Zamani mayai yaliatamiwa na bata wa mama mkwe. Bata huyo alikuwa amekufa.

Ni kuku mmoja tu aliyelala kama anayeatamia, tena kwenye kiota kitupu. Walimwita Kisirani, maana alimdonoa kila aliyemsogelea.

"Huyu hatagi tena," mshonaji alisema, akinoa kisu. "Mla bure simtaki."

Jirani yake, mtaalamu wa mifugo, alikuwa amekuja kuchukua gauni lake.

"Shoga, kosa lake nini?"

"Kulala kazini."

"Na waliolala kabla yake?"

"Sufuria inawajua! Miaka kumi sasa."

Jirani hakucheka. "Ndiyo maana huna wa kuatamia. Kuku hafundishwi kulalia mayai. Anarithi vinasaba kwa baba na mama. Ni kama maagizo yaliyo ndani ya mwili. Wengine vinawasukuma kuatamia, wengine kuendelea kutaga tu. Wewe ukawachinja walalaji, mayai ya wengine ukampa bata. Porini, kuku asiyeatamia hapati wajukuu. Kwako, anayeatamia ndiye asiyepata. Kizazi baada ya kizazi, ukoo umebadilika."

Mshonaji alikitazama kisu. "Nami nikasema tumerogwa!"

"Mchawi ni hicho kisu. Kiweke chini. Mpe Kisirani mayai kumi, maji na chakula karibu. Vifaranga wakikua, tunza binti zake. Na mwanawe jogoo mmoja pia."

"Jogoo?" mume wa mshonaji aliuliza kutoka mlangoni. "Jogoo anaatamia wapi, shemeji?"

"Haatamii. Ila amebeba vinasaba vya mama yake, na anaweza kuwarithisha binti zake."

Siku ya ishirini na moja, banda lililia pii-pii. Vifaranga tisa! Mshonaji alimshonea jirani mikono mipya ya gauni, akakataa malipo.

Mwaka uliofuata, binti wawili wa Kisirani walilalia mayai yao wenyewe. Wengine watatu hawakulala. Wakaendelea kutaga, na hao pia walitunzwa. Banda lilijaa.

Kila asubuhi mshonaji humpelekea Kisirani maji kwanza.

"Asante, mama wa ukoo," humwambia.

Kisirani humdonoa mkono. Mshonaji hushukuru hivyo hivyo.