Neno Alilolimeza Waziri

Walikutana kwenye foleni ya chai, siku ya kongamano la usalama, mabalozi na maofisa wakisukumana kama wako sokoni. Mtafiti alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa. Kapteni, sare yake imenyooka kwa pasi, aligeuka ghafla, na chai yote ikaishia kwenye gauni.

"Samahani, dada."

"Unaomba samahani au unacheka?"

"Vyote viwili."

Basi ikawa simu asubuhi, simu mchana. Kapteni akamwita "Profesa wangu"; naye akaitwa "Afande."

Taasisi ya mtafiti ndiyo iliyosikilizwa na serikali kuhusu mambo ya nje na ulinzi. Mwaka huo aliulizwa: jeshi livuke mpaka kuwalinda wakimbizi wa nchi jirani? Alishauri livuke, ila kwanza zipatikane helikopta za kubeba majeruhi. Bungeni, waziri alilitangaza neno la kwanza. La pili akalimeza.

Kikosi cha kapteni kikapewa amri ya safari. Akampigia mtafiti simu.

"Kumbe ni wewe uliyetutuma?"

"Mpenzi, nilisema helikopta kwanza."

"Waziri ameitaja taasisi yenu. Helikopta hakuzitaja."

Akakata. Kila mtafiti alipompigia, simu iliita bure.

Mtafiti akaingia kwa mkurugenzi wake.

"Nakwenda kusema redioni."

"Mwanangu, ukisema, wizara haitatuita tena."

"Tukinyamaza, watatuitia nini?"

Akasema hewani, bila kuficha kitu. Wabunge wakaja juu, safari ikasimamishwa mpaka helikopta zikodiwe. Yeye akafukuzwa kazi.

Kapteni alimkuta mtafiti nyumbani kwa mama yake, anamenya viazi, macho mekundu.

"Nilikukosea, Profesa. Nilikuhukumu kabla sijakusikiliza."

"Bado unakwenda?"

"Kesho. Helikopta zimefika." Akamgeukia mama. "Mama, nimekuja pia kumposa binti yako."

"Si mimi ninayeolewa," alisema mama. "Muulize mwenyewe."

Kapteni akachuchumaa mbele ya mtafiti. "Kwanza niambie. Ungeulizwa leo, ungeshauri nini?"

Mtafiti aliwakumbuka akina mama aliowahoji kambini, waliovuka mto na watoto mgongoni.

"Mwende," alisema, na machozi yakamtoka. "Hata wewe."

"Ningekusikia unasema vingine, nisingekuamini tena. Utanioa, Afande akirudi?"

"Wewe ndiye unayeoa, mjinga wewe."

"Basi nikubali."

"Nimekubali."

Mama akakichukua kisu mkononi mwa binti yake, akaendelea kumenya viazi yeye, ili wapate kushikana mikono.