Nakala kwenye Diski ya Jabiri

Walikutana Soko Kuu, kwenye kibanda cha vifaa vya kompyuta, kila mmoja ameshika upande wa diski moja.

"Dada, nimeiwahi mimi."

"Kaka, mimi nimeiona tangu niko ng'ambo ya barabara."

Jabiri, fundi wa kompyuta wa Ngarenaro, akacheka na kumwachia. Najat, mtandio wa zambarau ukimteleza begani, akaondoka na diski pamoja na namba ya simu. Msiniulize aliiomba nani.

Najat alisimamia kompyuta za zahanati moja. Mapenzi yaliponoga, alimkabidhi Jabiri nakala ya mfumo mzima wa zahanati, ule unaoendeshwa kwa programu ya Unix, wenye habari za kila mgonjwa, aitunze nje ya jengo endapo moto utatokea.

"Itunze tu, mpenzi. Usiifungue."

"Sawa, malkia wangu."

Shida ni kwamba Najat alishaachwa kwenye mataa na mchumba aliyeitwa Saadi, basi kila mwanamume kwake alikuwa mtuhumiwa. Na wiki ileile aliyopewa nakala, Jabiri akaanza kujibu simu kwa mkato.

"Uko wapi?"

"Karakana."

"Nije?"

"Leo usije, mpenzi. Nimebanwa."

Amebanwa na nani? Najat alipanda bodaboda huku mvua ikinyesha.

Mlango wa karakana ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na Jabiri, na kwenye skrini majina ya wagonjwa yamejipanga.

"Unamuuzia nani?"

"Simuuzii mtu, Najat! Nakala isiyowahi kufunguliwa, utajuaje kama ni nzima? Nimeirudisha kwenye diski nyingine nijaribu. Ilikuwa inagoma kuwaka, bado inaitafuta diski ya zamani, ile ya zahanati. Leo ndiyo imeitambua hii."

"Mbona ukanificha?"

"Ulinikataza."

Jibu hilo lilimchoma kuliko uongo. Akamsukuma kando, akaandika amri ya kufuta diski yote.

"Futa, kama roho yako itatulia," Jabiri alisema.

Kidole kilikuwa hewani simu ilipoita. Ni Eunike, muuguzi wa zahanati.

"Dada Najat, kompyuta kubwa imezima, diski inagonga tu! Kuna mtoto yuko hoi, ana mzio wa dawa, bibi aliyemleta hajui ni ipi!"

Najat alimtazama Jabiri. Bado hakumwamini. Akaifuta amri ile herufi moja moja.

"Chomoa hiyo diski. Twende!"

Huko zahanati, Jabiri aliifunga diski kwenye kompyuta kubwa, mashine ikawaka. Kumbukumbu zikaonyesha mtoto ana mzio wa penisilini. Akapewa dawa nyingine, na Najat akalia mbele za watu bila aibu.

Nje, mvua imekatika, Jabiri alisema, "Nilikosea kukuficha. Ijumaa nawatuma wazee kwenu."

"Watume. Ila usidhani nimeshakuamini. Nataka na ufunguo wa karakana."

"Wa nini?"

"Nikija ghafla, nisibishe hodi."

Jabiri akaanza kuuchomoa kwenye pete ya funguo palepale.