Masahihisho ya Orodha ya Marehemu

Jua lilikuwa linazama Chiriku alipobisha hodi, daftari kwapani. Gazetini walimpa jina hilo kwa kuwa hafungi mdomo. Jioni ile mdomo ulikuwa umemkauka.

Kosa lilikuwa lake. Ghorofa lililokuwa linajengwa lilipoporomoka, alisoma kitambulisho kwenye koti la maiti mmoja, akaandika jina bila kuuliza. Kumbe koti lilikuwa la kuazima. Mwenyewe, fundi rangi, alikuwa hai... kwa namna fulani. Tangu orodha ya marehemu ichapishwe, mkewe hutandika kitanda naye yumo. Wanawe humpita ukumbini. Asubuhi alifika ofisini, na hakuna aliyemwona ila Chiriku.

"Dada, wewe ndiye uliyeniandika," alinong'ona. "Nitoe. Nazidi kufifia."

Ili atolewe, ilibidi aandikwe aliyekufa kweli. Fundi alimjua kwa jina la utani tu, Mrefu, mwashi wa pale kazini aliyeazima koti lake. Akamwelekeza Chiriku kwa mama wa Mrefu.

"Karibu, mwanangu, kaa," mama alisema. Mezani palikuwa na sahani mbili. "Lakini jina sikupi."

"Mama, kuna mtu anapotea."

"Najua. Na wangu anarudi."

Ilianza kuingia harufu ya saruji mbichi. Kisha nyayo uani, nzito, za kuburuta...

Kwarr. Kwarr.

Pazia likasogea. Hakuingia mtu.

Kiti kikavutwa.

Nywele zilimsimama Chiriku. Mama alikuwa anapakua chakula, anatabasamu.

"Hayumo kwenye orodha yenu," alinong'ona. "Ndiyo maana kifo hakimjui. Niachie, mwanangu. Sina mwingine."

Kijiko kikagonga sahani mara moja, kikatulia. Chakula hakikupungua. Vumbi la kijivu lilidondoka taratibu kutoka kitini, na sauti ikatoka, ya mtu mwenye mchanga kooni.

"Mama... nina kiu tangu siku ile. Maji hayapiti."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama aliweka upawa chini, akakigeukia kile kiti. Ndipo akalitaja jina, lote, la mwana na la baba na la babu. Chiriku aliandika huku analia.

"Gazeti linatoka lini?"

"Alfajiri, mama."

"Basi tunao usiku mmoja. Nenda. Mlango urudishie."

Alfajiri fundi rangi alipiga simu: mkewe amemmiminia chai. Chiriku hakuweza kufurahi. Alichukua gazeti, akarudi kule.

Mama alikuwa ameketi kwenye kile kiti, peke yake. Kifuani, pale mtoto anapolaza kichwa, kanga yake ilikuwa imejaa vumbi la saruji. Hakulipangusa.

"Nisomee," alisema. "Nataka kusikia kama mmemwandika vizuri."