Pakiti ya Kijani ya Kizimba Namba 41

TANGAZO KWA WAPANGAJI WOTE. Ofisi ya Usimamizi wa Jengo inawaarifu kwamba, kuanzia Jumatatu, ni marufuku kuweka vitafunio juu ya mashine ya aina yoyote, vikiwemo vile vya mahindi vyenye ladha ya nazi katika pakiti za kijani. Sababu ni sisimizi.

Tangazo hilo liliandikwa na Fan Jo-lan, karani wa jengo moja la ghorofa sita mjini Taipei ambalo wapangaji wake wote huuza au hutengeneza kompyuta. Mafundi wa mji huo huweka pakiti ya kijani juu ya mashine ili mashine itulie. Lazima iwe ya kijani. Ya njano huleta balaa, na ya kijani iliyopitwa na tarehe ni mbaya kuliko kukosa kabisa. Ushahidi wa jambo hili haupo, na sijawahi kukutana na fundi aliyekuwa tayari kulifanyia jaribio.

Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi, Jo-lan alishuka ghorofa ya tatu kutekeleza alichoandika. Alivaa sketi ya kijivu na koti la mvua la rangi ya haradali. Mkononi alibeba sanduku la kukusanyia pakiti, na kwapani laptopu ya ofisi. Mteja mmoja aliyekumbatia printa aliziba njia, na kwa sababu hiyo tu Jo-lan akasimama mbele ya kizimba namba 41.

"Bosi, hiyo pakiti iondoe."

Kao Ching-ho, fundi wa kizimba hicho, hakuinua macho. Alikuwa na aproni nyeusi, na mikono ya shati lake ilikunjwa kwa usawa ambao wengi hushindwa kuufikia hata siku ya harusi.

"Nikiiondoa, mashine hii ikifa utaizika wewe?"

"Kuna tangazo."

"Nimelisoma. Na hiyo ya kwapani inaumwa nini?"

"Nani kasema inaumwa?"

"Laptopu nzima haibebwi hivyo. Umeishika kama mtoto mwenye homa."

Jo-lan alijaribu kukasirika, akashindwa. "Ikilala, haiamki. Naifunua, kioo cheusi, taa inapepesa tu. Nikiizima kwa nguvu, kuiwasha tena ni shughuli. Inazunguka, inazunguka, mpaka chai yangu inapoa."

"Iache hapa. Nawe kaa, kiti kipo."

"Binti, kaa," alidakia Shangazi Chou, muuza nyaya wa kizimba cha jirani. "Kumwangalia ni bure. Mimi namwangalia mwaka wa tisa huu, sijapungukiwa kitu."

Nimesoma vitabu vingi juu ya subira, vingi vikiwa vimeandikwa na watu wasiokuwa nayo. Ching-ho alikuwa nayo. Alichomoa chaja, akashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, akihesabu kwa kunong'ona. Akailaza mashine, akaiamsha, akaandika katika daftari. Kisha akaondoa mpangilio wa kuwaka haraka, akailaza, akaiamsha, akaandika. Kisha akafungua tumbo la mashine, akazitoa kadi za kumbukumbu, akazipangusa na kuzirudisha. Hakubadilisha mambo mawili kwa pamoja hata mara moja, kwa sababu mashine ikipona namna hiyo, mtu hajui ni kipi cha kukishukuru. Mezani pake iliamka mara ishirini kati ya ishirini.

Ilipopelekwa ofisini, ghorofa ya sita, iliganda kabla ya saa sita.

Jo-lan aliirudisha Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi. Shangazi Chou akaanza kumwekea chai. Siku ya Alhamisi, wakila tambi za nyama ya ng'ombe juu ya daftari la majaribio, Ching-ho alieleza kwamba kampuni moja ya mji wa Hsinchu inamtaka akatunze mashine zake kubwa, na kwamba jibu linatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo.

"Utakwenda?"

"Hapa sina kinachonishikilia," alisema, akitazama skrubu.

"Labda skrubu," alisema Jo-lan.

Ijumaa Ching-ho alimkabidhi laptopu, na juu yake pakiti mpya ya kijani.

"Bosi, unataka nivunje tangazo langu mwenyewe?"

"Igeuze nyuma."

"Nyuma najua kilichoandikwa. Mahindi, nazi, chumvi."

Akaondoka akicheka. Alipofika ofisini aliitumbukiza katika sanduku pamoja na nyingine thelathini na saba, bila kuigeuza, kwa sababu tangazo halikumpa karani msamaha wowote. Uaminifu wa namna hiyo ni adimu na unastahili heshima, ingawa athari zake huchelewa kuonekana.

Jumatatu alipiga simu.

"Haloo, bosi wangu. Imeganda tena."

"Zima, washa."

"Leo huniulizi kama nimekula?"

"Bi Fan, nina wateja."

"Bi Fan! Ijumaa nilikuwa Jo-lan."

"Ijumaa ilikuwa Ijumaa." Simu ikakatwa.

Jo-lan aliamini kwamba fundi amemchoka pamoja na mashine yake. Ching-ho aliamini kwamba ameshajibiwa. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wa kutosha.

Siku ya Alhamisi, kamati ya jengo ilidai orodha ya pakiti zote pamoja na tarehe zake za mwisho, ambazo huchapwa nyuma. Jo-lan akazigeuza moja baada ya nyingine. Ya thelathini na nane ilikuwa na mwandiko wa kalamu nene: *Jo-lan. Jumamosi saa tisa alasiri, geti la tatu la stesheni. Nitakaa mpaka saa kumi na moja. Usipokuja, nitaelewa.*

Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu mchana. Jo-lan alikumbuka, maana alishinda ndani akianika nguo.

"Ulikaa mpaka saa ngapi?" aliuliza simu ilipopokewa.

"Saa moja."

"Uliandika saa kumi na moja."

"Mvua ilikuwa kubwa."

"Ching-ho, nimeisoma sasa hivi. Sasa hivi! Ilikuwa ndani ya sanduku!"

"Nilikwambia uigeuze."

"Na mimi nikajifanya najua. Hsinchu umewajibu?"

"Barua nimeiandika. Haijaenda. Laptopu yangu imeganda."

Laptopu yake ilikuwa macho mbele yake, na haikuwahi kuganda tangu inunuliwe.

"Basi panda huku. Yangu inaganda huku tu. Kwako inajifanya nzima."

Ching-ho akapanda ngazi, aproni mwilini. Hakuigusa mashine. Aliitazama mahali ilipokaa, kisha akafuata kwa macho waya uliotoka ubavuni mwake na kuingia katika droo.

"Hii nini?"

"Diski ya matangazo yote tangu jengo lijengwe. Haichomolewi."

"Mbona hukuiteremsha?"

"Ulisema niache laptopu."

Kosa lilikuwa la fundi, naye alikuwa mmoja wa wachache wanaoweza kulitambua kosa lao bila kusaidiwa. Akachomoa waya. Mashine ikalala, ikaamka. Akaizima, akaiwasha, chai ya mezani ikabaki ya moto.

"Kila ikiamka au ikiwaka, inaitafuta kwanza hiyo diski kongwe," alisema. "Isipojibiwa, inasubiri tu."

"Kuna mtu namjua, alisubiri hivyo stesheni."

Masikio ya Ching-ho yakawa mekundu.

"Usiende, mpenzi," alisema Jo-lan.

"Barua nitaifuta. Laptopu yangu ikiganduka."

"Mwongo wewe!"

Ching-ho akaitoa pakiti ile sandukuni na kuiweka juu ya mashine ya ofisi. Jo-lan aliona, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakusema kitu.

Kamati ilikutana Ijumaa. Ilipokea orodha ya pakiti thelathini na nane, ikahesabu thelathini na saba, ikaamua ifuatavyo: kwamba pakiti ya kijani iliyofungwa si chakula, na iliyofunguliwa ni chakula, kwamba marufuku inaendelea, kwamba pakiti zilizopo juu ya mashine zisiondolewe, na kwamba suala la sisimizi liahirishwe hadi kikao kijacho, ambacho tarehe yake itatangazwa.